Simba Asiye na Maziwa

Mkanda wangu ulibaki mlangoni, juu ya rafu ya viatu. Ndiyo kanuni ya hekalu la Wajaini, watu wa dini moja ya kale ya Uhindi, mtaa wa Langoni, Mombasa: kitu cha ngozi hakiingii. Viatu nilivitarajia, hata msikitini tunavua. Mkanda sikuwa nimeufikiria. Na siku hiyo, kwa bahati yangu, nilikuwa nimevaa suruali niliyopewa na kaka yangu, mtu wa kitambi. Basi ziara yangu ya kwanza katika nyumba ya watu wanaojihadhari wasikanyage hata sisimizi niliimaliza mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali.

Aliyenipeleka ni mwalimu wangu wa yoga. Simtaji jina, mambo ya mtandaoni hayapendi. Sisi wanafunzi wake tunamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, naye ananiita dikra, mwanangu, ingawa mvi zangu zimezidi zake (yeye hupaka hina). Tulipotoka hekaluni tulipita kwake kunywa chai, chai nzito ya maziwa na tangawizi, na sahani ya ganthia, vitafunio vya unga wa dengu, pembeni. Juu ya friji palikuwa na kalenda ya duka moja la vyuma, na kwenye kalenda ndiyo ile picha.

Simba jike na ng'ombe wameinamia beseni moja, wanakunywa maji. Chini ya simba kuna ndama, ananyonya. Chini ya ng'ombe kuna mtoto wa simba, naye ananyonya. Ba akaniambia picha hii Wajaini wanayo tangu zamani, na maana yake ni neno moja: ahimsa. Kutodhuru.

Nikacheka. Dharau haikuwamo, kicheko kilinitoka tu.

"Unacheka nini, dikra?"

"Ba, simba huyu namfahamu. Nimemwona kwa macho yangu. Hana maziwa."

*

Naendesha magari ya watalii tangu 1996. Mteja hulipia kuona, mimi hulipwa kumwonyesha. Kazi hii humpa mtu macho makali na mgongo mbovu. Wakati ule lami ilikuwa ikiishia Isiolo. Kutoka hapo kwenda Archer's Post, njia ya Samburu, ilikuwa mawimbi matupu, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, na msimu ukichanganya tulikuwa tunaipita njia hiyo mara mbili kwa wiki. Kufikia 2015 sikuweza kuinama nikafunga kamba za viatu. Hospitali moja ilitaka kunipasua, nyingine ikanijazia mfuko wa vidonge. Kijana mmoja wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenivuta kando akaninong'oneza: mzee, jaribu yoga kwanza.

Wenzangu wa maskani waliniuliza nimekuwa Mhindi lini. Mke wangu hakuuliza kitu, alikaa tu kitandani akanitazama nikilala kifudifudi sakafuni na kuinua kifua kama swila, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Pozi hilo linaitwa bhujangasana, pozi la nyoka, na ndilo lililoninyoosha uti wa mgongo. Nusu ya mapozi yana majina ya wanyama: nyoka, ngamia, paka, njiwa, nzige. Kwa mtu wa kazi yangu ilikuwa kama kurudi mbugani bila gari.

Lakini Ba hakuanzia kwenye mapozi. Kabla hatujakunja mguu alituketisha na kutufundisha kwamba Patanjali, yule wa zile Sutra za Yoga, mafunzo ya kale ya yoga, alipanga ngazi nane. Mapozi ni ngazi ya tatu. Ya kwanza inaitwa yama, makatazo matano, na la kwanza kati ya hayo matano ni ahimsa. Kisha akatupa mstari wa 35 wa sura ya pili tuushike kichwani: aliyethibiti katika kutodhuru, mbele yake uadui huachwa. Wafafanuzi wa baadaye walipotaka kueleza mstari huo hawakwenda mbali, walikwenda kwa wanyama. Mbele ya mtu wa namna hiyo, walisema, hata maadui wa kuzaliwa hupatana: farasi na nyati, panya na paka, nyoka na nguchiro.

Sasa mwambie hayo mtu aliyeona nguchiro na nyoka kwa karibu. Nilinyamaza kwa adabu. Mgongo ulikuwa unapona, sikutaka kuharibu.

Kuna jambo moja tu tulilobishana, nalo ni jina la simba. Kwa Kisanskrit, lugha ya kale ya Uhindi, simba ni simha, na Ba alishika kwamba Waswahili tumelichukua neno hilo kutoka kwao kwa majahazi. Nikamwambia Ba, simba ni Mbantu halisi, hata Msukuma ambaye babu yake hakuwahi kuonja maji ya chumvi anasema shimba. Hakukubali, mimi pia sikukubali. Ila alinipa kitu cha kuondoka nacho: wanasarufi wa kale wa Kisanskrit walikuwa wakifundisha kwamba simha limetoka kwenye himsa, kudhuru, kwa kupindua herufi. Himsa, simha. Iwe kweli isiwe kweli, sikulala mapema usiku ule. Mnyama ambaye jina lake ni madhara yaliyosomwa kinyume.

*

Simba niliyemwambia Ba nilimwona mbuga ya Samburu, siku chache baada ya Krismasi ya 2001. Nilikuwa na familia ya Wajerumani, mume, mke na mabinti wawili waliochoka kuona tembo. Kwenye redio sisi madereva hatutaji wanyama kwa majina yao. Mteja akisikia "simba", halafu simba akaingia kichakani kabla hamjafika, mwenye makosa ni wewe. Kundi letu lilikuwa likisema "masharubu". Asubuhi hiyo mwenzangu akaita: masharubu yuko hapa karibu na mto, ana mtoto. Nikamuuliza wangapi. Redio ikakaa kimya kidogo.

"Mmoja," akasema. "Wa choroa."

Nikadhani ananitania.

Tulimkuta chini ya mti, jike kijana, mbavu zinahesabika. Hatua tano kutoka kwake alilala ndama wa choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizonyooka; ndama rangi ya chai iliyozidi maziwa, miguu kama vijiti vya mishikaki. Si kwamba simba alikuwa amemkamata akawa anamchezea, maana hilo nimeliona pia, nalo halipendezi kutazama. Ndama aliinuka mwenyewe. Simba akainuka nyuma yake. Ndama akatembea, simba akatembea, wakafika kivulini kwingine wakalala tena. Baadaye ndama akamsogelea, akanusa ubavu wake, na simba akageuza kichwa akamlamba masikio. Binti mdogo wa yule Mjerumani alianza kulia, na baba yake, jitu la futi sita, naye akashusha kamera akafuta pua.

Wasamburu walimpa jina Kamunyak, aliyebarikiwa. Habari zake zilizunguka dunia nzima. Watu walisema ni muujiza, wakanukuu maandiko ya simba na mwanakondoo, wakaja kwa ndege ndogo kutoka Nairobi ili wamwone. Na kusema kweli, kama uliwahi kutafuta picha ya ule mstari wa Patanjali ikitembea kwa miguu minne, hii hapa. Uadui umeachwa.

Ila tumbo halikujua kwamba uadui umeachwa. Simba hakuwa amezaa, maziwa angeyatoa wapi? Na kwa kuwa hakutaka kumwacha ndama peke yake, hakwenda kuwinda, kwa hiyo wote wawili walikuwa wanakonda bega kwa bega. Magazeti yaliandika kwamba mara mojamoja alimruhusu mama choroa asogee kumnyonyesha mwanawe, kisha akamfukuza. Baada ya takriban wiki mbili, mwanzoni mwa Januari 2002, dume la simba lilimkamata ndama yule likamla. Februari Kamunyak akapata ndama mwingine. Huyo wahifadhi walimchukua, alikuwa amedhoofu. Akapata mwingine tena. Kwa jumla walihesabiwa wasiopungua sita, na hakuna hata mmoja aliyekua mikononi mwake.

Nyanya yangu wa Majengo alikuwa na hadithi moja aliyoturudia kila tulipofungia kifaranga ndani ya kopo. Ni hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, na Waislamu wengi wanaijua: mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga, hakumkata. Alimfungia tu. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Nyanya alikuwa akiisema sehemu hiyo ya mwisho polepole, kidole juu: *wala hakumwachia*. Nimekaa na hadithi hiyo tangu nina miaka sita, lakini nilikuwa mtu mzima, kalenda ya duka la vyuma mbele yangu, ndipo nilipomwona yule simba ndani yake.

Nilimweleza Ba yote hayo. Chai yake ikapoa mpaka ikashika utando. Alipozungumza alianza na picha.

"Mchoraji alikuwa na rangi nyeupe, dikra. Akaongeza maziwa."

Kisha akaniambia kwamba simba wangu hakuwa na ahimsa. Alikuwa na mapenzi, na mapenzi yake yalikuwa na kucha. Akanikumbusha katazo la tano katika yale matano, aparigraha: kutoshikilia, kutojikusanyia. Kwa nini Patanjali ameweka kutodhuru mwanzo na kutoshikilia mwisho? Nikasema sijui. Akasema ili katikati yake usipate pa kutorokea.

Kuna sehemu moja sikumweleza. Naiandika hapa.

Siku ile chini ya mti tulikuwa magari kumi na moja. Tulimzunguka simba na ndama kama watu wanaotazama ngoma. Mjerumani wangu alitaka jua liwe nyuma ya kamera, nami dereva hodari nikasogeza gari mpaka jua likakaa anapotaka. Nilipozima injini niliangalia pembeni. Mbali, kama mita mia tatu hivi, alisimama choroa mkubwa peke yake, pembe zimesimama wima, anatazama upande wetu. Alikaa hapo muda wote tuliokaa. Kati yake na ndama palikuwa na mstari wa magari, na gari la mwisho kwenye mstari huo lilikuwa langu.

Hakuna aliyetulaumu. Sote tulikuwa tunampenda yule ndama.

*

Watu wakijua naenda yoga kwa Ba huniuliza haraka: umeacha nyama? Sikuacha. Baba yangu alikuwa mchinjaji, na kwake nilijifunza mambo ambayo sijaona sababu ya kuyaonea aibu. Kisu kinolewe nyumbani, mbuzi asikione. Asichinjwe mbele ya mwenzake. Apewe maji kwanza. Baba aliwahi kumrudisha mteja na mbuzi wake kwa sababu yule mteja alimburura kwa mguu kutoka kituo cha basi. "Huyu mtu hana haki ya kula," alisema, akaendelea kunoa. Ba haikubali hoja yangu hata kidogo, na anayo haki. Lakini ni yeye aliyenipa kisa cha Delhi, ambacho kilinipa nafuu kubwa kuliko alivyokusudia.

Pale Chandni Chowk, Delhi, ng'ambo ya Ngome Nyekundu, Wajaini wana hospitali ya ndege. Ndege tu. Njiwa aliyekatwa na uzi wa tiara, kasuku aliyevunjika bawa, wote hupokelewa bure, hulazwa kwenye vizimba, wakipona huachiwa waruke. Sasa je, kipanga akiletwa? Au mwewe? Wenye hospitali wanakula mboga, na kumlisha mwewe ni kununua nyama ya kiumbe mwingine. Suluhisho lao: ndege wala nyama hutibiwa, ila hawalazwi pamoja na wengine. Anafungwa dawa, anakwenda zake. Ba anaisimulia kama jambo la kawaida. Mimi nilishika mbavu. Hata katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ahimsa, mwewe ana dirisha lake la nje.

Na kuna wale wawili wa kwetu, siwezi kuwaruka, Mombasa nzima itanishangaa. Kiboko Owen na kobe Mzee. Owen alikuwa mtoto, aliachwa na kundi lake kwenye mwamba baharini Malindi baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004. Akaokolewa kwa nyavu, akaletwa Haller Park, bustani ya wanyama ya hapa Mombasa, na mara tu aliposhushwa akakimbilia kwa kobe wa Aldabra mwenye umri unaokaribia miaka 130, akajificha nyuma yake. Mzee mwanzoni alimfokea na kujaribu kuondoka. Niliwapeleka watoto wangu kuwatazama mara tatu. Walimwengu waliandika urafiki, urafiki, urafiki. Mimi nilimtazama zaidi kobe. Alikuwa na sura ya mzee aliyeletewa mjukuu bila kuulizwa. Akamvumilia. Naona uvumilivu wa Mzee haukuimbwa vya kutosha, labda kwa sababu hauna machozi. Owen alipokua mkubwa kiasi cha kuweza kumwumiza kobe, watunzaji waliwatenganisha, na Owen akapewa kiboko mwenzake. Yaani kulikuwa na mtu aliyejua wakati wa kufungua mkono.

*

Nyani siwapendi. Niseme mapema. Miaka ishirini na zaidi wameniibia sandwichi, ndizi, mara moja pasipoti ya mama mmoja wa Kiitaliano, na dume la nyani likikukunjulia midomo ukaona meno yake, unaelewa kwa nini hata chui hufikiria mara mbili. Katika kundi la nyani anayepigwa na mkubwa wake humgeukia mdogo wake akampiga, na yule naye hutafuta jike, na jike hutafuta mtoto. Ni kama ofisi fulani nilizowahi kufanya kazi.

Kwa hiyo nilipoambiwa na mteja mmoja, profesa aliyestaafu, kisa cha nyani wa mbuga ya Maasai Mara, nilitega sikio kwa shaka. Baadaye nilikisoma mwenyewe. Mtafiti Mmarekani, Robert Sapolsky, alianza kuwafuatilia nyani wa Mara mwishoni mwa miaka ya 1970. Kundi moja lililala msituni, na jirani yake kulikuwa na kundi lililohamia kwenye jaa la takataka la hoteli moja ya watalii. Jaani kulikuwa na vyakula vya kumwaga. Madume makali zaidi ya lile kundi la msituni, yale yasiyokuwa na muda wa kuketi na wenzao asubuhi kuchambuana manyoya, yakawa yanaondoka alfajiri kwenda kupigania mabaki. Kisha jaa likatupiwa nyama ya ng'ombe wenye kifua kikuu. Kufikia 1986 madume yote yaliyokuwa yakienda jaani yalikuwa yamekufa. Wakabaki majike, watoto, na madume mapole, majike yakiwa maradufu ya madume.

Kundi likatulia. Hilo halishangazi, wakorofi wamekwisha. Kinachoshangaza ni kilichofuata. Nyani dume akibalehe huhama alikozaliwa na kwenda kujitafutia kundi jingine. Kufikia 1993 yale madume mapole ya mwanzo yalikuwa yamekwisha yote. Madume yote yaliyokuwamo yalikuwa wageni, yamezaliwa kwingine, yamelelewa kwa meno na ngumi kama nyani wote. Na kundi bado lilikuwa tulivu. Wenye cheo walipigana na wenzao wa cheo, lakini hawakuwashukia wanyonge wala majike kama ilivyo kwingine. Walichambuana manyoya zaidi. Damu za madume ya chini zilipopimwa hazikuwa na ile hofu ya kudumu ambayo nyani wa chini huwa nayo. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyachapisha haya mwaka 2004, na maelezo yao ni kwamba majike, kwa kuwa hawakuwa wakisumbuliwa, walimkaribisha mgeni mapema kuliko ilivyo katika makundi mengine. Mgeni anakuja mabega juu, anatafuta wa kumpiga. Badala yake kuna jike linamkalia karibu na kuanza kumtoa kupe.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. *Mbele yake uadui huachwa.* Nilikuwa natafuta simba na ndama, nilikuwa natafuta mtakatifu chini ya mti na nguchiro amelala ubavuni mwa nyoka. Kumbe mstari ule ulikuwa Mara kwa watu wale wale walioniibia sandwichi, na wala hapakuwa na mtakatifu, palikuwa na mama fulani wa nyani mwenye vidole vya subira. Hawakuacha kuwa nyani, wanaendelea kukamata watoto wa swala na kuwala. Ila kuna kipigo kimoja kilichokuwa kikishuka ngazi kila siku, na pale mtu fulani alikikatisha.

Nilimpelekea Ba kisa hicho mbio mbio. Hakukipenda. "Amani iliyotoka jaani," alisema, "kwa wenzao kukohoa mpaka wakafa? Hiyo ni karma gani?" Nikamjibu kwamba hata yoga mimi imenifikia kwa njia ya mgongo kuvunjika. Akafikiri kidogo, akanisukumia ganthia.

*

Duma nimemwacha mwisho kwa sababu ni wangu.

Ilikuwa Mara, msimu wa nyumbu, miaka kadhaa kabla sijamjua Ba. Duma jike na watoto watatu, juu ya kichuguu, anatazama swala tomi. Mteja wangu alikuwa na lenzi ndefu kama bomba la bafu na alikuwa amenieleza tangu Nairobi kwamba anataka mbio. Duma akashuka. Mimi najua duma atakimbilia wapi, ndiyo kazi yangu, basi nikapiga gia nikazunguka ili tumsubiri mbele. Swala wakasikia injini. Wakaondoka kabla duma hajatoka mafichoni. Alitimua mbio kama hatua arobaini, akaacha. Akaketi chini, kifua kinapanda na kushuka, watoto watatu wakamjia mdomoni wakinusa kama ameleta kitu.

Uso wake ulikuwa unatazama kamera moja kwa moja. Mteja alipata picha nzuri sana. Aliniachia bakshishi nono, nikanunulia bati.

Mwaka 2018 kulitoka utafiti wa duma wa Mara. Walilinganisha sehemu zenye magari mengi ya watalii na sehemu zenye magari machache, wakahesabu watoto wanaofikia kujitegemea katika kila uzao. Kwenye magari machache, wastani ni watoto 2.3. Kwenye magari mengi ni 0.2. Yaani huku kila mama anatoa wawili na zaidi, kule wanahitajika mama watano ili apatikane mmoja. Nikautuma kwenye kundi letu la WhatsApp la madereva. Dakika mbili za kimya, kisha mmoja akatuma matokeo ya Arsenal.

Simlaumu. Sheria za mbuga zipo, magari yasizidi matano, usikaribie chini ya mita ishirini na tano, lakini sheria haikai kwenye kiti cha nyuma ikikugonga bega, mteja ndiye anayekaa hapo. Na yeye pia hana nia mbaya. Ameweka akiba miaka mingi ili amwone duma. Anampenda duma kuliko nimpendavyo mimi.

Agosti iliyopita nilikuwa na Mholanzi mmoja, mpole, lenzi yake na yenyewe haikuwa ndogo. Redio ikaita madoadoa, ng'ambo ya korongo. Tulipofika palikuwa na magari manne tayari. Nikasimama mbali, zaidi ya mita mia moja, nikazima.

"Tunasogea?" akauliza.

"Hapa hapa."

Alinitazama kwenye kioo. Nikamweleza kidogo, si kwa kirefu hivi, Kiingereza changu cha mahubiri ni kifupi. Akashusha pumzi, akaegemeza lenzi kwenye dirisha. Gari moja likachoka likaondoka, na la pili likalifuata. Jua likapanda. Duma akainuka, akajinyoosha miguu ya mbele kifua chini, pozi ambalo Ba angelisifia, akaanza kutembea polepole kutuacha. Akapita nyuma ya kichuguu. Hakutokea upande wa pili.

"Amekwenda?"

"Yuko nyuma pale."

"Atarudi?"

Nikamwambia sijui, nikafungua chupa ya chai. Kwenye kopo nilikuwa na ganthia za Ba, amezitia pilipili manga kuliko kawaida. Mholanzi akatafuna moja, macho yakamtoka, akaomba maji. Nilikuwa bado natafuta chupa chini ya kiti niliposikia swala wakipiga chafya, mara mbili, tatu, upande ule wa kichuguu. Tukageuka wote. Vumbi jembamba likapanda juu ya nyasi, likakaa kidogo hewani, likashuka.

Hatukuona kitu. Nikammiminia chai.